Bakuli Chini ya Kawa

Mwanangu Somoe,

Salamu nitaziweka mwishoni. Najua si adabu, na mwalimu aliyenifundisha hati angenichapa viboko kwa kuanza hivi. Lakini nikianza na salamu nitaendelea nazo mpaka karatasi iishe, maana hiyo ndiyo kazi ninayoiweza: kuandika mengi mazuri ili nisiandike jambo moja.

Sasa ni mchana, adhuhuri imepita kitambo. Nimemwambia akida nina homa, akaniruhusu nibaki nyumbani. Wewe uko uani na Bibi yako, mnachambua ukindu, nawasikia. Kila nikiandika mistari miwili nainuka kuchungulia barabara, kisha narudi. Usishangae ukiona hati imepinda hapa na pale.

Kesho alfajiri mnatakiwa muondoke Kibiti. Mume wa shangazi yako Pili atakuwa na mtumbwi mtoni, na maji yakijaa atawapeleka Maparoni, kwenye visiwa, ambako askari hawana haja ya kufika. Watu wanasema askari wa Mdachi wakimaliza kuchoma maghala ya ng'ambo watavuka mto pale Ndundu waje upande wetu. Mimi nimeziona barua zao bomani. Si maneno ya watu tu. Mimi mwenyewe sitakuja nanyi. Karani anayeondoka siku hizi huhesabiwa mwasi, na mwasi akikosekana hutafutwa jamaa zake.

Namna ya kuishi huko sitakuandikia. Shangazi yako atakuonyesha pa kuoga na pa kuogopa mamba, na samaki utajifunza kumla kila siku utake usitake. Ninalotaka kukuandikia ni kwa nini safari hii mpaka saa hii haijulikani kama ipo.

Bibi hataki kwenda. Anamngoja mwanawe, mjomba wako Salum. Na wewe tangu mama yako alipofariki hulali pasipo Bibi, hata ukilazwa karibu yangu huamka ukamfuata. Akibaki yeye, umebaki wewe. Kwa hiyo maisha yako yamefungwa kwa neno moja, na neno hilo ninalo mimi. Mjomba wako hatakuja. Amekufa. Nalijua hilo huu mwezi mzima, na nimekuwa nikimtazama Bibi yako kila jioni akimpakulia wali, akaufunika kwa kawa, akauweka karibu na mlango.

Nitamwambia kabla ya magharibi. Lakini kwanza naandika, kwa sababu nina woga, na mkono wangu umeuzidi mdomo wangu kwa ujasiri, japo kidogo tu. Leo unajua herufi, maneno marefu bado. Barua itakungoja.

Nianze na mpunga.

Unakumbuka dungu letu kule bondeni, kile kibanda cha juu ya nguzo mlichokuwa mkikaa na Bibi kuwinga ndege mpunga ukikaribia kuiva. Ulikuwa na kombeo lako dogo, na sauti yako ilikuwa ikifika kwa majirani. Mwaka ule wa njaa, mpunga uko katika maziwa, punje bado laini, akida alitoa amri watu wote wakapalilie pamba ya serikali. Bibi yako akachukuliwa, majirani wakachukuliwa, madungu yakabaki matupu. Ndege wakashuka. Usiku wakaja nguruwe. Watu waliporudi walikuta mabua.

Ikaja zamu ya kuandika taarifa. Akida alikuwa ameketi kwenye kiti chake chenye mikono, anachokonoa meno.

"Andika: mpunga wa bondeni umeharibika kwa uvivu wa watu."

Nikasema, "Bwana, watu walikuwa kwenye pamba."

"Pamba ni siku ngapi?"

"Siku mbili kila juma, bwana. Mara nyingine tatu."

"Basi siku nne zilizobaki walikuwa wapi?"

"Walikuwa shambani. Lakini ndege huja kila siku, bwana."

Akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe karani wangu ni wakili wa ndege! Andika, kijana."

Nikaandika. Na nataka ujue kwamba akida hakuwa akisema uongo kama asemavyo uongo mwizi. Alikuwa amepita bondeni kwa punda wake, akayaona madungu matupu kwa macho yake. Kwake, dungu tupu ni mtu mvivu. Njaa ilipoingia na watu wakaanza kuchimba ming'oko porini, nilidhani sasa ataona. Aliona. Akaniambia, "Waangalie. Wanapenda kuchimba mizizi kama nguruwe kuliko kulima." Hata njaa yenyewe aliigeuza ikawa shahidi wake. Siku ile niliogopa kidogo. Nilijiuliza ni kitu gani kingetokea duniani ambacho kingemfanya akida aseme, "Nilikosea." Sikukipata, na mpaka leo sijakipata.

Jioni nilikusomea taarifa ile, kwa kujionyesha, nikitaka usikie baba yako anavyoandika. Ulikuwa unakula. Ukasema, "Ndege hawakula kwa sababu Bibi ni mvivu. Walikula kwa sababu Bibi hakuwepo." Kisha ukaendelea kula. Nilikukemea, nikakwambia mtoto haingilii mambo ya boma. Hilo ni moja katika makosa yangu ambayo nayaona mpaka leo nikifumba macho.

Baada ya hapo yakaja maji.

Mjomba wako alikuwa ameoa ng'ambo ya mto, na kijiji chake chote kilikwenda kwa mganga kunywa dawa ile ya maji, inayogeuza risasi kuwa matone. Alikuja hapa baada ya swala ya alasiri, amebeba mzigo wa kuni kichwani ili aonekane mwuza kuni. Kibuyu kidogo kilikuwa kinaning'inia shingoni. Bibi yako aliona shuka lake limechanika begani, akatafuta uzi, hakuna. Akachukua ukindu mwekundu wa mkeka aliokuwa anausuka, akamtia kiraka palepale, kwa mshono wa mkeka.

"Mama," Salum akasema, "umenishona kama jamvi. Sasa watu watanikalia."

"Wakukalie," Bibi akajibu, "angalau nitajua uko wapi."

Wewe ulikuwa umeshika mguu wake wa kushoto, unakichezea kile kidole chake kidogo kilichompanda mwenzake. Ulikuwa ukisema kidole cha mjomba kimebebwa mgongoni. Alicheka. Alikuwa na kicheko cha mtu mwenye nafasi.

Bibi alipoingia jikoni nilimuuliza pole pole, "Shemeji, nasikia Mbwana, mliyekunywa naye maji, amepigwa risasi."

"Amekufa," akasema. "Alimkaribia mkewe. Wanywao maji wamekatazwa."

"Na yule wa pili?"

"Aligeuka nyuma. Na kugeuka wamekatazwa."

"Na wa tatu?"

Akakigusa kibuyu chake. "Wa tatu sijui. Lakini atakuwa na lake."

"Salum, kwa hesabu hiyo hapatakufa mtu msafi hata mmoja."

Nilijiona mwerevu sana, mwanangu. Nilisoma miaka minne kwa walimu wa serikali, nilijua ramani, nilijua risasi inatengenezwa kwa kitu gani. Nikamwambia risasi haina mwiko. Nikamwambia mengi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema bila hasira:

"Haya, shemeji. Tuseme maji hayana kitu. Mimi nirudi wapi? Kwenye pamba?"

Nilikuwa nimemwonyesha kwamba mahali aliposimama hapana kitu, na sikuwa na mahali pengine pa kumwonyesha asimame. Tangu hapo siwacheki tena watu wanaong'ang'ania jambo lililokwisha kuanguka mbele ya macho yao. Natazama kwanza kama kuna kitu kingine karibu cha kushika. Mara nyingi hakuna. Nawe utawakuta watu wa namna hiyo, na ukitaka kumtoa mtu katika jambo lake, angalia kwanza mikono yako imebeba nini.

Akanisukuma bega wakati wa kuondoka. "Na wewe, karani? Mpunga wa mama uliandika umeliwa na nini?"

Alikuwa amesikia. Sijui nani alimwambia. Nikasema niliandika nilichoambiwa. Akasema, "Na mimi nimekunywa nilichopewa," akabeba kuni zake, maana hakuziuza, akaenda.

(Nimeinuka tena. Barabara haina mtu isipokuwa mbuzi. Bibi ameuliza kama homa imepungua, nikasema imepungua.)

Sasa inabidi niandike lile lenyewe.

Palipiganwa karibu na kivuko. Siku ya pili asubuhi askari walileta maiti sita nyuma ya boma, wakawalaza kando ya kitalu cha miche ya pamba. Mdachi mkuu wa askari alitaka majina. Anayejulikana jina, kijiji chake kinajulikana, na kijiji kinachojulikana kinachomwa. Akida akanipa karatasi, akasema, "Pita, andika."

Nilipita. Wawili walitajwa na askari mmoja aliyekulia upande ule. Nikaandika. Wa tano alikuwa amefunikwa uso kwa shuka lake. Sikuhitaji uso. Niliona mguu wa kushoto, na kidole kilichobebwa mgongoni. Kisha nikaona bega.

"Huyu?" akida akauliza.

"Hajulikani, bwana."

Nikaandika: hajulikani.

Tangu siku ile nimejipa sababu nyingi. Nimejiambia nilikinusuru kijiji cha mkewe. Nimejiambia nilikunusuru wewe na Bibi. Zote ni kweli, na wala sizifuti. Lakini pale niliposimama na kalamu, sikuwafikiria ninyi. Nilifikiria shingo yangu. Nilifikiria akida akisema, "Kumbe shemeji yako?" Sababu nzuri zilikuja baadaye, moja moja, kama wageni wanaofika shughuli imekwisha na bado wanataka kukaa mbele.

Hata hilo ningeweza kulibeba. Kilichonitisha ni kilichofuata. Siku ya kwanza nilijua ni Salum. Siku ya pili nikaanza kujiuliza kama mguu ule ulikuwa wa kushoto au wa kulia. Siku ya tatu nilikuwa na hakika ulikuwa wa kulia, na cha mjomba wako ni cha kushoto, basi si yeye. Nikala vizuri. Nilikuwa nimemfufua mtu kwa kumhamisha mguu, mimi niliyemcheka yeye na miiko yake. Na lile bega sikulifikiria kabisa. Kila fikra ikienda upande ule niliigeuza, kama unavyomgeuza ng'ombe asiingie katika mahindi.

Bibi yako akasikia kuna orodha. Akanijia, akakaa mkekani.

"Baba Somoe, nisomee."

Nikamsomea.

"Salum hayumo?"

"Hayumo, mama."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Hayumo. Akasema alhamdulillahi, na jioni ile ndipo alipopakua bakuli la kwanza.

Tangu hapo kila kitu kinamletea habari za Salum. Mbwa akilala ameelekea barabara, Salum yuko njiani. Mtu mmoja wa Dimani alisema aliona kijana mwenye mwendo kama wake, Bibi akampa mleta habari maji ya kunywa na ming'oko miwili. Juma lililofuata yule yule akarudi kusema alikosea, kijana yule ni wa kwao, anamjua mpaka mama yake. Bibi akamwambia macho yake yameanza kuharibika, akapimwe kwa mganga. Hakupewa maji.

Ungedhani ni ukaidi wa mwanamke mzee. Lakini nyumba ile ya matumaini niliijenga mimi, kwa karatasi yenye mhuri. Yeye amehamia tu.

Na jana nilipomwambia kuhusu mtumbwi, akasema, "Nendeni ninyi. Nikiondoka, Salum atakuta nyumba imefungwa." Wewe ukamshika kanga. Baadaye ukanijia peke yako, ukaniuliza, "Baba, kwa nini Bibi akisema Mjomba anakuja, wewe unatazama miguu yako?"

Sikukukemea safari hii. Lakini pia sikukujibu. Barua hii ndiyo jibu lako, na jibu lililobaki naenda kulitoa sasa hivi. Kivuli cha paa kimefika kwenye kinu. Naacha kalamu hapa.

*

Nimerudi. Usome pole pole.

Nilikutuma kwa jirani kuomba moto ili usiwepo. Nisamehe na hilo. Bibi alikuwa amekwisha pakua, kawa liko juu ya bakuli. Nikaketi chini mbele yake, jambo ambalo mkwe hafanyi, akajua kuna kitu.

"Mama, Salum amekufa. Nilimwona nyuma ya boma. Mimi ndiye niliyeandika hajulikani."

Akanitazama. "Karatasi yako ilisema hayumo."

"Karatasi niliiandika mimi, mama."

"Basi siku ile uliandika kweli. Leo unataka niondoke, ndiyo maana unasema uongo. Unadhani mimi mtoto, Karani?" Huniita Karani akikasirika.

"Nilikiona kidole chake."

"Mguu gani?"

"Wa kushoto."

"Vidole hivyo viko vingi. Hata marehemu mjomba wangu alikuwa nacho."

Nilisikia maneno yangu mwenyewe yakitoka kinywani mwake. Na hapo, Somoe, mlango ulikuwa wazi. Ningeweza kusema, "Labda ni kweli, mama," nikainuka. Nawe ungebaki hapa. Nilikuwa karibu sana kuinuka, nakwambia ukweli. Goti moja lilikwisha nyanyuka.

Nikasema, "Shuka lake lilikuwa na kiraka begani. Kimeshonwa kwa ukindu mwekundu, mshono wa mkeka."

Hakulia. Mikono yake ilikuwa na ukindu ule ule, akaanza kuunyoosha juu ya goti, uzi mmoja mmoja, kama anayehakikisha rangi. Alikaa hivyo mpaka niliposikia watu wakitawadha msikitini. Kisha akaniuliza kama walimzika kwa kuelekea kibla. Nikasema ndiyo, mzee wa msikiti aliombwa akaja. Hilo ni kweli. Akaniuliza shuka liko wapi. Nikasema amezikwa nalo, sanda haikupatikana. Akatikisa kichwa.

Kisha akalivuta bakuli, akaondoa kawa, akaliweka mbele yangu.

"Kula."

"Mama..."

"Kula, Karani. Maiti hawekewi chakula."

Nilikula mbele ya mkwe wangu, wali wa mwanawe, na yeye ananitazama mpaka tonge la mwisho. Sijui alikuwa ananisamehe au ananihukumu. Sikuthubutu kuuliza, na nadhani sitathubutu. Ulirudi na moto ukatukuta hivyo, ukasema, "Baba amekula cha Mjomba!" Bibi akasema, "Njoo, mke mwenzangu, tufunge mizigo."

Mnakwenda.

Sasa amekaa karibu yangu na mkeka wenu wa safari. Anasema karatasi hii nisiitie kwenye bahasha, kwani askari wakiwapekua njiani watapekua bahasha. Ataishona ndani ya pindo la mkeka kwa ukindu, nawe utaifumua ukikua. Ameniuliza nimeandika nini humu. Nikamwambia nimeandika kwamba Salum amekufa.

"Umemwandika wa nani?"

Nikasema nimeandika Salum tu.

"Salum wako wengi," akasema. "Andika, Baba Somoe." Na haya ni maneno yake, sikuongeza wala sikupunguza:

*Salum, mtoto wa Mwanahamisi, wa bondeni. Aliuawa karibu na kivuko. Hakuwa mvivu. Mama yake alikuwa anamjua.*

Ameniambia nimsomee. Nimemsomea. Ameniambia nirudie, nikarudia, akaweka kidole juu ya mstari, akauliza kama jina liko hapo. Nikamwambia liko hapo. Hajaondoa kidole chake, nami naandika kukizunguka.

Basi salamu, mwanangu. Nisalimie shangazi yako. Nisalimie maji ya Maparoni. Mimi hapa ni mzima, na ninaogopa.

Baba yako.